Luigi Broglio, Mtaliano aliyerusha roketi kutoka bahari ya Malindi

Tukitaja roketi wengi wetu mawazo yanakimbilia Marekani au Urusi. Lakini kati ya mwaka 1967 na 1988, roketi tisa zenye setilaiti zilirushwa hapa hapa Afrika Mashariki, kutoka kwenye jukwaa la chuma lililosimama baharini mbele ya kijiji cha wavuvi cha Ngomeni, kaskazini mwa Malindi nchini Kenya. Setilaiti mojawapo ilipewa jina la Kiswahili. Mtu aliyeifanya kazi hiyo iwezekane ni Profesa Luigi Broglio.

Alizaliwa tarehe 11 Novemba 1911 huko Mestre, pembeni mwa jiji la Venice nchini Italia. Alisomea uhandisi mjini Roma, akawa ofisa wa jeshi la anga. Vita Kuu ya Pili ilipoigawa nchi yake, alijiunga na Waitaliano waliowapinga Wajerumani. Baada ya vita alirudi chuoni, na mwaka 1952 akakabidhiwa kuongoza shule ya uhandisi wa ndege ya Chuo Kikuu cha Roma. Angeweza kubaki hapo, afundishe na kustaafu kwa heshima. Lakini alikuwa mtu wa kushika vitu kwa mikono.

Kuna swali lililomsumbua. Kule juu sana, kilomita mia kadhaa kutoka ardhini, hewa ni nyembamba mno, ila ipo, na inatosha kupunguza mwendo wa setilaiti mpaka inashuka na kuungua. Je, ni nyembamba kiasi gani? Utapimaje kitu usichoweza hata kukihisi?

Jibu lake, kwa maoni yangu, ndilo jambo zuri kuliko yote aliyoyafanya. Akina mama mnaijua mizani ya kliniki, ile ya kuning'iniza, ambayo mtoto akiwekwa springi inavutika na mshale unasogea. Broglio alitengeneza setilaiti ambayo yenyewe ni mizani. Ndani aliweka kiini kizito, nje gamba jepesi la duara, na katikati viungo vinavyonyumbuka. Hewa inalisukuma gamba, lakini kiini hakiguswi. Gamba likisogea hata kidogo sana kuelekea upande wowote, vipimo vinasoma, na redio inatuma habari chini. Wahandisi wanakiita kifaa hicho mizani ya Broglio mpaka leo.

Tatizo lilikuwa roketi. Italia haikuwa na roketi ya kufikisha mzigo huo angani, wala fedha za kuitengeneza. Mwaka 1962 serikali yake ikakubaliana na Marekani: Wamarekani watoe roketi aina ya Scout na wawafundishe Waitaliano kuirusha, nao Waitaliano walete setilaiti na mahali pa kurushia. Tarehe 15 Desemba 1964, setilaiti ya San Marco 1 ilirushwa kutoka jimbo la Virginia, Marekani, na kikosi cha Waitaliano watupu. Wakati huo ni Urusi na Marekani tu ndizo zilizokuwa na watu waliowahi kufanya kazi hiyo.

Sasa, kwa nini Malindi? Dunia inazunguka kuelekea mashariki, na mtu aliyesimama kwenye ikweta anabebwa nayo kwa mwendo wa karibu kilomita 1,670 kwa saa bila kujua. Roketi ikirushwa kuelekea mashariki kutoka hapo inaondoka na mwendo huo bure, kama mtumbwi unaosukumwa na upepo kwa nyuma. Sisi wa Lundo hatuko mbali na ikweta, mwendo wetu hautofautiani sana na wao. Ila Ziwa Nyasa liko magharibi yetu, na mashariki kuna Mbinga, Songea na Tunduru. Roketi hudondosha vipande vyake njiani vikiisha mafuta, na hakuna anayetaka kipande cha chuma kiangukie shamba lake la kahawa. Malindi mashariki yake ni bahari tupu.

Broglio aliona pia kwamba akijenga baharini hahitaji ardhi kubwa. Enrico Mattei, mkuu wa shirika la mafuta la Italia, alimpa jukwaa lililokuwa likichimbia mafuta, nalo likaitwa Santa Rita. Jukwaa la kurushia, San Marco, lilitoka Marekani. Yalisimamishwa kwa miguu ya chuma, yakaunganishwa kwa nyaya chini ya maji ili waongozaji wakae mbali na moto. Tarehe 26 Aprili 1967, San Marco 2 ikapaa kutoka hapo na mizani yake tumboni.

Kisha ikaja tarehe 12 Desemba 1970. Kenya ilikuwa inaadhimisha miaka saba ya kujitawala, na siku hiyo kikosi cha Broglio kilirusha setilaiti ya Wamarekani ya kutafuta nyota zinazotoa miali ya eksirei. Marekani haikuwahi kukabidhi setilaiti yake irushwe na watu wa nchi nyingine kabla ya hapo. Kwa heshima ya wenyeji ikaitwa Uhuru. Ilifanya kazi mpaka mwaka 1973, ikaorodhesha vyanzo 339 vya miali hiyo, na kipimo chake kilisaidia kutambua kitu cha kwanza ambacho wataalamu walikubali kwamba ni shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Broglio alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, tarehe 14 Januari 2001, akiwa na miaka 89.

Katika zile roketi tisa, nne zilibeba setilaiti za Italia, nne za Marekani na moja ya Uingereza. Ya Kenya haikuwemo, na Wakenya wengi wamehoji kwa miaka mingi kituo hicho kimewaachia nini. Swali hilo ni la haki. Mwaka 2016 nchi hizo mbili zilitia saini mkataba mpya.

Baada ya mwaka 1988 hakuna setilaiti nyingine iliyorushwa pale. Italia ilikuwa imeelekeza nguvu kwenye roketi za pamoja za Ulaya. Kituo cha nchi kavu kinaendelea kupokea mawasiliano ya setilaiti, na kinaitwa kwa jina la Broglio.

Mwaka 2018, Chuo Kikuu cha Nairobi, kwa kushirikiana na chuo kile kile cha Roma alikofundisha Broglio, kilipeleka angani setilaiti ya kwanza ya Kenya. Ni kisanduku chenye upande wa sentimita 10, ndani kuna kamera na kompyuta ndogo. Hakikurushwa kutoka Malindi. Kiliachiwa kutoka kwenye kituo cha kimataifa cha anga za juu, na nyingine kubwa zaidi, Taifa-1, ilipelekwa mwaka 2023 kwa roketi iliyoondokea California.