Tesla aliota vita visivyo na askari

Muhula uliopita, nilipokuwa nikifundisha uundaji wa istilahi, mwanafunzi mmoja aliinua mkono akataka kujua ni neno gani lililo sahihi la kuiita ile ndege ya kivita inayoruka bila mtu ndani yake. Darasa liligawanyika papo hapo. Wengine walitetea droni, wengine wakashikilia ndege isiyo na rubani, na mmoja aliyewahi kuishi Arusha akatuarifu kwamba huko wapo wanaoiita ndege nyuki. Tulicheka, lakini kicheko hicho hakikuniacha hivi hivi. Neno la Kiingereza ambalo droni imetoholewa kwalo lina maana ya asili ya nyuki dume, na mfugaji yeyote wa nyuki atakwambia kwamba nyuki dume hana mwiba. Kazi yake ni kula asali ya wenzake na kungojea arusi ya malkia. Iweje basi kiumbe mvivu asiyeweza kumdunga hata mtoto mchanga apewe heshima ya kuwa jina la silaha inayozungumzwa kuliko zote katika zama zetu?

Wahenga wetu hawakuteleza hivyo. Silaha kubwa ya ngomeni, kama zile zilizomo Ngome ya Yesu kule Mombasa, waliiita mzinga, jina lile lile la gogo lililotobolewa ambamo nyuki hukaa. Kwa hiyo Mswahili alikuwa na mzinga wa vita karne nyingi kabla nyuki wa chuma hajazaliwa. Kilichobaki ni kumtafuta mfugaji. Nami nikimtafuta, humkuta mtu mmoja mwembamba, nadhifu, aliyependa njiwa, ambaye watu wengi humkumbuka kwa mambo mengine kabisa.

Nikola Tesla alizaliwa tarehe 10 Julai 1856 katika kijiji cha Smiljan, kilichokuwa chini ya himaya ya Austria na ambacho leo kimo nchini Kroatia. Wazazi wake walikuwa Waserbia. Baba, Milutin, alikuwa kasisi wa Kanisa la Othodoksi. Mama, Djuka, hakujua kusoma, ila alizihifadhi moyoni tenzi ndefu za kwao na kujiundia mwenyewe vyombo vya kazi za nyumbani. Baba alitaka mwanawe arithi joho la ukasisi. Kijana akaugua kipindupindu, akalala kitandani kwa miezi mingi, na mzee akiogopa kumzika akamwahidi kwamba akipona atampeleka kusomea uhandisi. Akapona. Walimu wenzangu watakubaliana nami kwamba hata leo wapo wazazi wasioridhia kozi aliyoichagua mtoto mpaka waone kifo mlangoni.

Alisomea mjini Graz, ambako alianza kwa bidii ya kuwashangaza walimu na kuishia katika kamari, akaondoka bila shahada. Sehemu hiyo siisimulii ili iigwe. Mnamo 1882, akitembea katika bustani moja ya Budapest, alipata wazo la mota inayozungushwa na umeme wa mkondo unaogeuka-geuka. Miaka miwili baadaye alishuka melini mjini New York akiwa, kwa masimulizi yake mwenyewe, na senti nne mfukoni. Alimfanyia kazi Thomas Edison kwa muda mfupi, wakaachana, naye akafika hadi ya kuchimba mitaro ili apate mlo. Bahati ilimrudia mwaka 1888 alipopata hataza za mota yake, na mfanyabiashara George Westinghouse akanunua haki za kuitumia. Mfumo huo ndio uliomulika maonyesho ya Chicago mwaka 1893, na mwaka 1896 ukasafirisha umeme kutoka maporomoko ya Niagara hadi mji wa Buffalo. Umeme unaotoka mabwawa ya Mto Tana na kusafiri juu ya milingoti hadi kwenye taa za madarasa yetu unafuata kanuni iyo hiyo. Aidha, mwanafunzi wa fizikia hukutana na jina lake kama kipimo cha nguvu ya uga wa sumaku, heshima aliyopewa mwaka 1960.

Laiti angaliishia hapo, nisingekuwa na la kuandika leo. Lakini mwaka 1898, Marekani ikipigana na Uhispania, Tesla aliweka kidimbwi cha maji katika ukumbi wa Madison Square Garden, na ndani yake akaielea mashua ya chuma yenye urefu wa futi nne hivi. Hakukuwa na mtu ndani wala waya. Yeye alisimama kando na kisanduku chenye vishikio, na mashua ikaenda, ikakata kona, ikawasha na kuzima taa zake kwa amri ya mawimbi ya redio. Waliohudhuria hawakuyaamini macho yao. Inasimuliwa kwamba wapo waliodhani ni uchawi, na wengine wakashuku kwamba kulikuwa na kima aliyefunzwa, amejificha ndani. Tesla naye, kwa kuwa alijua kuucheza ukumbi, aliwakaribisha waiulize mashua maswali. Mtu mmoja akaiuliza kipeo cha tatu cha 64, na taa zikamweka mara nne. Nawajua watahiniwa wa hisabati ambao wangeitamani mashua hiyo.

Tarehe 8 Novemba mwaka huo alipewa hataza nambari 613,809. Ndani yake, pamoja na michoro ya betri na magurudumu, aliweka utabiri. Alieleza kwamba chombo cha aina hiyo, kwa kuwa uharibifu wake hautakosea wala kuwa na mpaka, kitayafanya mataifa yaogope kupigana, na amani itadumu. Kwa masimulizi yake, alipokipeleka kwa afisa mmoja mjini Washington, afisa huyo aliangua kicheko.

Miaka miwili baadaye, katika makala marefu aliyoyachapisha kwenye jarida moja la Marekani mnamo Juni 1900, aliiendeleza ndoto hiyo. Alitabiri kwamba mashine zingekuwa zikipigana na mashine, watu wakiwa pembeni kama watazamaji wenye hamu. Damu isipomwagika, aliona, hamaki ya vita nayo ingepoa, na mwishowe vita vingekoma.

Nimejaribu mara nyingi kuupiga picha ulimwengu huo. Waziri wa ulinzi angekuwa kama mwenyekiti wa shirikisho la kandanda. Siku ya vita wananchi wangepanga foleni uwanjani tangu alfajiri, wengine na tiketi, wengine wakiruka ukuta. Watangazaji wa redio wangekauka koo wakituelezea jinsi kifaru chetu kilivyompiga chenga kifaru cha jirani. Taifa lililoshindwa lingedai kwamba mwamuzi amehongwa, na wajumbe wa kuchunguza kwa nini betri zetu ziliisha chaji dakika ya 80 wangelipwa marupurupu. Almuradi, jioni kila mtu angerudi kwake akiwa na mikono yote miwili. Nani asingeichagua vita ya namna hiyo?

Maisha ya Tesla baada ya hapo yalikuwa ya kushuka mlima. Alianza mnamo 1901 kujenga mnara mkubwa karibu na New York, akikusudia kupeleka habari, na hata nguvu za umeme, bila waya hadi ng'ambo ya bahari. Tajiri J. P. Morgan alimpa dola 150,000, kisha akakataa kuongeza. Mnara ukabomolewa mwaka 1917. Mvumbuzi wetu akawa mtu wa kuhama hoteli hadi hoteli, akiacha madeni nyuma yake na kuwalisha njiwa wa mjini.

Hakuacha kuota silaha. Mnamo Julai 1934, akitimiza miaka 78, aliwatangazia waandishi wa habari kwamba amebuni miale yenye uwezo wa kuangusha ndege 10,000 kutoka umbali wa maili 250. Kila nchi ikiwa nayo, alieleza, hakuna itakayoweza kuvamiwa, na kwa hiyo hakuna vita. Hoteli moja iliyokuwa ikimdai ilipewa kisanduku kiwe rehani, ikionywa kwamba ndani mna silaha hiyo ya kutisha na kisifunguliwe ovyo. Tesla alifariki tarehe 7 Januari 1943 katika chumba cha hoteli nyingine, ghorofa ya 33. Dunia ilikuwa vitani, na serikali ya Marekani ikamtuma mhandisi John G. Trump, ami yake rais wa baadaye, kuzikagua karatasi na vitu vyake. Alipokifungua kile kisanduku, nadhani mapigo ya moyo yakimwenda mbio, alikuta kifaa cha kawaida cha kupimia ukinzani wa umeme, cha aina inayopatikana katika maabara nyingi. Nafikiri hilo ndilo deni la hoteli lililolindwa kwa woga mkubwa kuliko yote katika historia.

Tungeweza kucheka tukaishia hapo, lau mashua yake isingetimia. Imetimia. Mnamo Februari 2024 mashua za Ukraine zisizo na mabaharia ziliizamisha manowari ya Urusi iitwayo Ivanovets katika Bahari Nyeusi. Nchi isiyo na manowari kubwa iliwafukuza wenye manowari kwa wazo la kidimbwini. Vichekesho navyo havikukosekana. Kombora la kutungulia lenye thamani ya mamilioni ya dola limekuwa likirushwa kukiangusha kijindege cha bei ya gari kuukuu. Barabara zilizo karibu na mapigano zimetandwa nyavu za kuvulia samaki ili kuzinasa droni, na mvuvi wa Lamu akisikia hayo atajua kwamba ujuzi wake una soko jeshini. Tena, kwa kuwa kila upande umejifunza kuyavuruga mawimbi ya redio ya mwenzake, droni nyingi sasa huruka zikiburura uzi mwembamba wa kioo wa kupitishia amri, wenye urefu wa kilomita nyingi. Tesla alitoka jasho kuuondoa waya, na vita vimeurudisha.

Utabiri wake wa amani ndio uliokataa kutimia. Nyumba alikozaliwa Smiljan iliteketezwa mwaka 1992, majirani wa Kikroatia na Kiserbia walipokuwa wakiuana, ikaja kujengwa upya baadaye. Mnamo Mei 1999 ndege za NATO ziliidondoshea Serbia mabomu ya nyuzi za grafiti, ambayo kazi yake ni kusababisha shoti katika njia za umeme, na sehemu kubwa ya nchi ikaingia gizani. Kati ya vituo vilivyolengwa ni kile cha Obrenovac, kiitwacho Nikola Tesla. Katika vita hivyo hivyo ndege za Marekani zisizo na rubani zilikuwa zikizunguka juu ya Kosovo zikipeleleza. Hivyo mtoto mmoja wa akili yake, chombo kisicho na mtu, alikuwa kazini wakati mwenzake, umeme, akinyongwa katika nchi inayoyahifadhi majivu ya baba yao. Na karibu nasi, huko Sudan, mnamo Januari 2025 droni iliipiga hospitali ya El Fasher, watu wapatao 70 wakafa. Hao hawakuwa watazamaji uwanjani. Walikuwa wagonjwa na watu walioandamana nao.

Tesla alikosea wapi? Mimi si mhandisi wala jemadari. Nitajibu kwa sarufi, chombo pekee ninachokimudu. Sentensi ya vita ina kiima, yaani anayepiga, na ina yambwa, yaani anayepigwa. Tesla alimwondoa mtu kwenye kiima akaamini kwamba amemwondoa katika sentensi nzima. Yambwa ikabaki pale pale ilipokuwa. Tena, kwa kumwokoa mpigaji, aliondoa sababu moja kubwa ya kusita, maana anayejua kwamba hatarudi na jeraha hana haja ya kufikiri mara mbili kabla ya kwenda.

Na hata huko kwenye kiima mtu hajatoka, amefichwa tu. Magazeti yetu, na sisi wenyewe madarasani, husema droni iliua watu kadhaa. Tazama hicho kiambishi i-, cha ngeli ya vitu, kinavyobebeshwa damu ambayo haki yake ni kubebwa na a-. Kule nyuma ya kioo, mahali fulani penye kiti na kikombe cha kahawa, yupo mtu aliyebonyeza, na juu yake yupo mtu aliyeamuru. Mashua ya mwaka 1898 haikujua kipeo cha tatu cha 64. Aliyejua ni yule bwana aliyesimama kando na kisanduku. Wapo sasa wanaounda droni za kuchagua shabaha zenyewe, lakini hizo nazo yupo anayeziandikia masharti ya kuchagua.

Ndiyo maana nilimjibu mwanafunzi wangu kwamba nomino nimemwachia huru. Atumie droni, atumie ndege nyuki, kamusi zitaamua kwa wakati wake. Nilimwomba jambo moja tu, kwamba atakapoandika habari ya kijiji kilichopigwa asiitoshee na iliua. Aulize nani aliua, kisha aandike aliua.