Maisha ya Daktari Robert Koch

Tangu zamani za kale kifua kikuu kimewaua watu wengi katika nchi zote. Mgonjwa hukohoa siku nyingi, hukonda, pengine hutema damu, na asipotibiwa huweza kufa. Kwa karne nyingi hapakuwa na mtu aliyejua sababu yake. Wengine walidhani ni ugonjwa wa ukoo, wengine walisingizia hewa mbaya, na wengine walisema mgonjwa amerogwa. Mtu aliyeifichua sababu yenyewe ni daktari Mdachi, jina lake Robert Koch.

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji wa Clausthal, Ujerumani, nchi ya milima na migodi. Watoto wa nyumba yao walikuwa 13, na baba yake alikuwa na kazi ya kusimamia migodi. Mwaka 1866 alihitimu masomo ya uganga katika chuo cha Göttingen. Mwaka 1872 akawa daktari wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein, ambao leo umo katika nchi ya Poland. Huko hakuwa na maabara wala msaidizi. Mchana alitibu wagonjwa, na saa alizobakiza alizitumia kutazama kwa hadubini, chombo kinachokuza vitu visivyoonekana kwa macho. Mwaka 1876 alithibitisha kwamba kimeta, ugonjwa unaoua ng'ombe na kondoo, huletwa na kijidudu cha namna moja tu.

Siku zile wataalamu walichora kwa mkono vijidudu walivyoviona. Lakini mkono wa mtu huweza kuchora anachokidhania badala ya kile kilichopo. Kwa hiyo Koch alifunga kamera juu ya hadubini yake, na mwaka 1877 akatangaza picha za vijidudu zilizopigwa kwa kamera. Ndizo picha za kwanza za namna hiyo kutangazwa duniani.

Mwaka 1880 aliitwa Berlin, na huko akaanza kukichunguza kifua kikuu. Alifahamu kwamba yafaa atafute katika miili ya watu waliokufa kwa ugonjwa huo. Mmoja wao alikuwa kibarua wa miaka 36, mtu mwenye nguvu aliyeuawa na ugonjwa upesi. Koch alichukua vipande vidogo vya miili hiyo akavitia rangi. Sehemu za mwili zikawa kahawia, na katikati yake vikaonekana vijiti vyembamba vya buluu. Hakuridhika kwa kuviona tu. Alivikuza katika chupa, kisha akawatia wanyama wadogo, nao wakapata ugonjwa ule ule. Tarehe 24 Machi 1882 aliwatangazia wataalamu wa Berlin kwamba kijidudu cha kifua kikuu kimeonekana.

Sifa zake zikaenea pote. Lakini mwaka 1890 alitangaza kwamba amepata dawa, nayo ikaitwa tuberkulini. Wagonjwa wakamiminika Berlin kutoka nchi nyingi, wakiwa na matumaini makubwa. Koch hakueleza mara moja dawa hiyo imefanywa kwa vitu gani. Wengine waliochomwa sindano wakafa. Ndipo daktari mwingine mashuhuri, Rudolf Virchow, alipoipasua miili yao, na Januari 1891 akaeleza aliyoyaona: dawa haikuua vijidudu, na katika miili mingine ilionekana kana kwamba ugonjwa umezidi kuenea. Hivyo maiti walimfundisha Koch mara mbili. Mara ya kwanza walimpa ushindi, na mara ya pili walionyesha kosa lake. Baadaye tuberkulini ilipata kazi nyingine: hupimwa katika ngozi ili kujua kama mtu ameambukizwa. Dawa ya kwanza iliyoweza kuviua vijidudu hivyo katika mwili wa mtu ilipatikana mwaka 1943, Koch akiwa amekwisha kufa.

Koch alifika pia katika nchi zetu. Mwaka 1897 na 1898 alikaa Dar es Salaam akichunguza malaria. Mwaka 1905 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya kifua kikuu. Mwaka 1906 alikwenda visiwa vya Ssese, Uganda, kutafuta tiba ya malale. Huko aliwatibu watu wengi kwa dawa iitwayo atoksili, lakini baadhi yao wakapofuka kwa sababu ya dawa hiyo. Alifariki tarehe 27 Mei 1910 katika mji wa Baden-Baden.

Kazi aliyoianza ingali inaendelea. Mwaka 1895 Wilhelm Röntgen alivumbua miali ya eksirei, na leo zipo mashine zinazoupiga mwili wa marehemu picha nyingi toka kila upande, pasipo kuupasua. Jambo hili ni faraja kwa watu wasiopenda mpendwa wao apasuliwe. Picha huonyesha mapafu yalipoharibika, lakini peke yake haitoshi kukitaja kijidudu kilichoharibu. Kwa hiyo madaktari huweza kuchukua kipande kidogo cha pafu kwa sindano, wakakitazama kwa hadubini kama Koch alivyofanya.

Uchunguzi huo una faida kubwa. Mjini Lusaka, Zambia, ng'ambo ya mpaka wetu wa Tunduma, madaktari walichunguza miili ya watoto 264 waliokufa kwa magonjwa ya mapafu, wakatangaza habari zao mwaka 2002. Karibu mtoto mmoja katika kila watano alikuwa na kifua kikuu. Ugonjwa huo ni vigumu kuutambua kwa watoto, na asiyetambuliwa hapati dawa.

Siku hizi kifua kikuu kinapona, mgonjwa akimeza dawa zake zote mpaka mwisho. Kwa hiyo mtu akikohoa kwa majuma mawili au zaidi, asifiche wala asikimbilie kumtafuta mchawi. Na aende hospitali mapema, akapimwe.