Picasso na ngome ya Antibes

Msafiri anayetoka mjini Nice jioni kwa garimoshi hufika Antibes, kusini mwa Ufaransa, kwa muda wa karibu nusu saa. Huko huikuta ngome kongwe ya Grimaldi juu ya ukuta unaopigwa na mawimbi ya Mediterania. Makavazi yaliyomo humo yana jina la Pablo Picasso, na si kwa heshima tupu: kazi zake kadhaa zilizomo alizichorea papo hapo.

Picasso alizaliwa Malaga, Uhispania, mwaka wa 1881, baba yake akiwa mwalimu wa uchoraji. Alihamia Paris mwaka wa 1904. Miaka mitatu baadaye alizuru makavazi ya Trocadéro, akaona vinyago na barakoa kutoka Afrika, na uchoraji wake ukageuka. Deni hilo kwa wachongaji ambao majina yao hayakuandikwa popote bado halitajwi inavyostahili.

Wajerumani walipoikalia Paris kuanzia mwaka wa 1940, yeye aliishi mjini, ingawa alizuiwa kuonyesha kazi zake. Ndiyo maana mwaka wa 1946 una uzito wa pekee. Vita vilikuwa vimekwisha, naye, akikaribia umri wa miaka 65, alikuwa pwani pamoja na mchoraji kijana Françoise Gilot. Msimamizi wa ngome, Romuald Dor de la Souchère, alimpa ukumbi wa orofa ya juu autumie kama karakana.

Vifaa vilikuwa adimu. Turubai haikupatikana kwa urahisi, basi akachora juu ya mbao nyembamba na vibao vya saruji, kwa rangi za kupaka nyumba na mashua. Picha moja, ya mtu anayekula viumbe wa baharini wenye miiba, aliichora juu ya taswira ya zamani ya jemadari. Jemadari yungali chini ya rangi hadi leo. Mchoro mashuhuri zaidi, wa mwanamke anayecheza ngoma kati ya mbuzi warukao, umejaa furaha ambayo mchoraji wa Guernica hakutarajiwa kuwa nayo.

Alipoondoka baada ya miezi miwili hivi aliacha michoro 23 ya rangi na 44 ya kalamu, kwa sharti kwamba isihamishwe Antibes. Ngome ilipewa jina lake mwaka wa 1966. Alifariki Mougins, si mbali na hapo, Aprili 1973, akiwa na umri wa miaka 91.