Askofu Joseph Kiwanuka na Mafuta ya Krisma

Joseph Kiwanuka alizaliwa mwaka 1899 huko Nakirebe, katika nchi ya Buganda. Alisoma katika seminari ya Bukalasa, kisha Katigondo, na masomo hayo yakachukua miaka mingi, maana upadre hausomewi kwa pupa. Tarehe 26 Mei 1929 akapadirishwa. Siku hiyo viganja vyake vilipakwa mafuta matakatifu, vikawekwa wakfu kwa kazi ya kubariki.

Wakubwa wake wakampeleka Roma, akasoma sheria za Kanisa hata akapata shahada ya udaktari. Akaingia katika shirika la Mapadre Weupe, akarudi kufundisha Katigondo.

Mwaka 1939 Papa Pius XII alimchagua awe mkuu wa Kanisa katika Masaka. Siku zile, katika Uganda, Kenya na Tanganyika, hapakuwa bado na askofu Mkatoliki aliyekuwa Mwafrika. Wengi walikuwa na shaka kama Mwafrika aweza kuuchukua mzigo huo, na pengine shaka hiyo ilikuwamo hata mioyoni mwa Waafrika wenyewe.

Tarehe 29 Oktoba mwaka huo, mapadre 12 wa mataifa mbalimbali walipiga magoti katika kanisa la Mtakatifu Petro huko Roma, na Kiwanuka alikuwa mmoja wao. Kichwa chake kilifungwa kitambaa cha kitani ili mafuta yasitiririke usoni, na Papa mwenyewe akampaka krisma utosini, kisha mikononi.

Krisma si kama mafuta ya alizeti wapikiayo watu wa Singida. Ni mafuta ya zeituni yaliyochanganywa na zeri, yaani utomvu wa mti wenye harufu nzuri. Mafuta hupenya ngozini polepole wala hayakauki upesi kama maji. Ndivyo neema ya Roho Mtakatifu ipenyavyo rohoni. Na harufu ya zeri haibaki kwa aliyepakwa peke yake. Aliye karibu naye huisikia hata akifumba macho. Maana yake, Mkristo ajulikane kwa mwenendo wake mwema kabla hajasema neno. Hata jina Kristo ni kusema Mpakwa-mafuta. Mtoto apokeapo Kipaimara hupakwa krisma hiyo hiyo katika paji la uso.

Lakini krisma haibarikiwi na kila padre. Ni kazi ya askofu, mara moja kwa mwaka, karibu na Pasaka. Naye huipulizia pumzi yake. Basi tangu wamisionari Wakatoliki walipofika Buganda mwaka 1879, krisma waliyopakwa watu ilikuwa imebarikiwa na maaskofu wageni. Aliporudi Kiwanuka, Wakristo wa Masaka walipakwa mafuta yaliyobarikiwa na mwana wa nchi yao, na mapadre waliomzunguka walikuwa Waafrika pia, maana jimbo zima lilikabidhiwa mikononi mwao. Kanisa hilo halikuanguka. Mwaka 1952 Laurean Rugambwa, aliyesoma Katigondo, akapakwa uaskofu katika Tanganyika.

Baadaye Kiwanuka akawa Askofu Mkuu wa Rubaga. Alifariki tarehe 22 Februari 1966, akazikwa Rubaga. Katika desturi ya siku zile, padre mgonjwa hakupakwa mafuta ya wagonjwa viganjani kama Wakristo wengine, bali mgongoni mwa mikono, kwa kuwa viganja vyake vilikwisha kupakwa siku ya upadre.