Galois: Kijana Aliyefelishwa Akiwa na Utafiti Mkononi

Kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka, mjadala ule ule unarudi hosteli. Kijana alifanya mradi wa sayansi akiwa sekondari, akashinda, akapiga picha na mgeni rasmi, halafu mtihani ukamgomea. Je, chuo kimpokee? Marekani wana shindano la Science Talent Search tangu 1942, na kijana akifika fainali huliandika kwenye maombi yake ya chuo, na huwa lina uzito. Sisi tuna Young Scientists Tanzania, na wapo washindi waliopata ufadhili wa chuo kikuu kutoka Karimjee Jivanjee Foundation. Ila huo ni ufadhili. Mlango wenyewe bado unafunguliwa na alama za mtihani.

Mimi nasoma ualimu, na mjadala huu ukianza namkumbuka Mfaransa mmoja aliyekufa 1832 akiwa na miaka 20. Wale wa hisabati wanamfahamu kwa jina. Maisha yake lakini ni ya kila mtu aliyewahi kusubiri jina lake kwenye orodha ya waliochaguliwa.

Évariste Galois alizaliwa 25 Oktoba 1811 Bourg-la-Reine, mji mdogo jirani na Paris. Baba yake alikuwa mkuu wa shule, baadaye akawa meya. Mama alimfundisha nyumbani mpaka alipofika miaka 12, ndipo akapelekwa bweni kwenye shule ya Louis-le-Grand. Alianza vizuri, kisha akarudishwa darasa. Katika kipindi hicho ndipo alipokutana na hisabati, mwaka 1827, na kuanzia hapo masomo mengine yakawa kama hayapo. Alisoma jiometri ya Legendre, akahamia kwa Lagrange, yaani vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya watu waliobobea, si wanafunzi wa bweni. Baadhi ya walimu walimwona msumbufu na mwenye majivuno. Nadhani hawakukosea sana.

Alichokitaka ni École Polytechnique, chuo kilichokuwa juu kabisa kwa sayansi. Akafanya mtihani wa kuingia 1828, mwaka mmoja kabla ya wakati wake na bila maandalizi ya kawaida. Akafeli.

Aliporudi shuleni akaangukia kwa mwalimu anaitwa Louis Richard. Mtu huyu hakuwa mwanahisabati mkubwa, lakini alijua kusoma kazi ya mwanafunzi. Aliona kwamba Galois yuko mbali mno na wenzake, akalisema hilo waziwazi, na madaftari yake ya mazoezi akayatunza. Aprili 1829 makala ya kwanza ya Galois ilichapishwa katika jarida la hisabati. Alikuwa na miaka 17, bado mwanafunzi wa sekondari. Mwezi uliofuata akaanza kupeleka utafiti wake kwenye Akademia ya Sayansi.

Utafiti wenyewe ulihusu nini? Mlinganyo wa kipeo cha pili una kanuni, sote tuliikariri. Cha tatu na cha nne pia zipo, Waitalia walizipata karne ya 16. Cha tano kilishindikana, na Mnorwe Abel alikuwa ameshathibitisha 1824 kwamba kanuni ya jumla haipo kabisa. Galois akauliza zaidi: ni milinganyo ipi inatatulika kwa njia hiyo na ipi haitatuliki, na kwa nini? Badala ya kuhangaika na mahesabu marefu, aliangalia jinsi majibu ya mlinganyo yanavyoweza kubadilishana nafasi, akakuta siri imo humo. Makala yake nyingine ya 1830, kuhusu nadharia ya namba, imo mfukoni mwako sasa hivi. Vile vijiraba vyeusi na vyeupe unavyoskani kulipia kitu vinasomeka hata vikiwa vimekwanguka kidogo kwa sababu ya hesabu zinazotumia mfumo wa namba aliouanzisha yeye.

Sasa rudi 1829. Tarehe 2 Julai baba yake alijiua, baada ya ugomvi wa kisiasa uliomhusisha paroko wa mji wao. Wiki chache baadaye Galois akaingia kwenye mtihani wa Polytechnique kwa mara ya pili, na sheria haikuruhusu ya tatu. Ulikuwa wa ana kwa ana, ubaoni. Yeye alizoea kufanya hatua nyingi kichwani, watahini wakataka hatua zote. Inasimuliwa kwamba alimrushia mtahini kifutio. Simulizi tamu, ila ithibati yake ni haba. Kilicho hakika ni kwamba alifelishwa.

Akaenda chuo cha ualimu. Ndiyo, ualimu. École préparatoire, ile ambayo leo ni École Normale Supérieure, wakati huo ilikuwa chini ya Polytechnique kwa hadhi. Wanaosoma Education hapa tunaijua sauti ya mtu anayekuuliza ulikosa nini mpaka ukaja huku. Hata pale, mtahini wa hisabati aliona roho ya utafiti ndani ya maelezo yasiyoeleweka vizuri, lakini mtahini mwingine alishangaa kwamba kuna mtu anamwona kijana huyu ana kipaji.

Wanaosema utafiti uchukue nafasi ya mtihani waangalie na upande wa pili. Utafiti wa Galois ulifika kwa Cauchy, mmoja wa mabingwa wa zama hizo. Januari 1830 Cauchy alikusudia kuuwasilisha, akaugua, na haukuwasilishwa. Februari Galois akaupeleka upya kushindania Tuzo Kuu ya Akademia. Ukakabidhiwa kwa Fourier, ambaye alifariki Mei, na karatasi zikapotea. Tuzo wakapewa Jacobi na Abel, huyu wa pili akiwa ameshafariki. Galois akaandika tena 1831, safari hii kwa Poisson, naye akaurudisha kwamba haueleweki. Ukimsoma Galois leo, malalamiko ya Poisson hayakuwa ya bure. Lakini mtihani ulimkataa kwa dakika chache, utafiti ukamkataa kwa miaka miwili.

Mengine yalikwenda kasi. Mapinduzi ya Julai 1830 yalipotokea, mkuu wa chuo aliwafungia wanafunzi ndani. Galois akamshambulia gazetini, akafukuzwa. Akajiunga na waliotaka jamhuri, akakamatwa mara mbili, akafungwa. Mei 30, 1832 akapigwa risasi kwenye pambano la watu wawili ambalo chanzo chake bado kinabishaniwa. Usiku wa kuamkia siku hiyo alimwandikia rafiki yake Chevalier muhtasari wa hisabati yake. Alifariki kesho yake, mdogo wake Alfred akiwa kando ya kitanda.

Liouville alichapisha kazi zake 1846, baada ya kuketi nazo na kuzielewa hatua kwa hatua.

Na yale madaftari? Richard alikuja kumkabidhi mwanafunzi wake mwingine, Charles Hermite. Huyo naye alifanya mtihani wa Polytechnique, akawa wa 68, akaingia.