John Michuki, waziri aliyefunga Wakenya mukanda

Ukisimama asubuhi kando ya barabara hapa Katindo, utaona Hiace zinapita zikiwa zimejaa pomoni. Kiti ya watu watatu imekalisha wane, mama moja ameweka mtoto kwenye magoti, na konvuayeri bado anasema songeni. Mukanda? Labda wa shofa peke yake, na mara mingi hata ule unaning'inia tu. Siye tumezoea. Lakini huko Kenya, mutu moja alikataa kuzoea. Aliitwa John Njoroge Michuki. Imepita miaka zaidi ya 10 tangu afe, lakini mpaka leo Wakenya wanaita kanuni za gari za abiria kwa jina lake.

Michuki alizaliwa mwaka 1932 huko Kangema, eneo la Murang'a, nchi ya milima na majani ya chai. Waingereza ndio walikuwa wanatawala, na baba yake alikuwa chifu. Kijana alisoma, akaingia kazi ya serikali ya koloni wakati ule ule wa vita vya Mau Mau. Kwa kazi ile watu wa kwao hawakumupenda. Walimupa jina Kimendero, maana yake mwenye kuponda watu. Jina lile lilimufuata mpaka uzee.

Baadaye alienda Uingereza, akasoma kwenye chuo kikuu cha Oxford. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, alipanda haraka: katibu mkuu kwenye wizara ya fedha, kisha mukubwa wa Kenya Commercial Bank kwa miaka ya 1970. Mwaka 1983 alichaguliwa mbunge wa Kangema. Alikuwa mutu wa saa kamili, mukali, asiyependa maneno mingi. Kuko waliomuogopa na kuko waliomuchukia, lakini hakuna aliyesema kwamba Michuki anachezea kazi.

Mwanzo wa 2003, rais mupya Mwai Kibaki alimupa wizara ya uchukuzi. Alikuwa na miaka 70. Kwa umri ule wengine wanaenda kupumuzika kijijini. Yeye alikuta mezani kwake kesi ya matatu.

Matatu ni taxi-bus ya Kenya. Jina linatoka kwa nauli ya zamani, mapeni matatu. Gari ilisaidia maskini, lakini iliua pia. Nissan na Hiace mingi zilifika Kenya zikiwa gari za kubeba mizigo, bila viti nyuma. Fundi wa mutaani ndiye aliweka viti: chuma kidogo, sponji kidogo, buloni mbili tatu kwenye bati ya chini. Gari ikigonga, viti vinang'oka vyote na watu wao, vinarundikana mbele. Wengine hawakuuawa na ile gari ingine. Waliuawa na kiti yao na jirani yao wa nyuma.

Mwezi wa 10 mwaka 2003 Michuki alitoa kanuni zake, akatoa muda mufupi wa kujitengeneza. Kila abiria awe na kiti yake na mukanda wake. Matatu ndogo iliyokuwa inabeba 18 ibebe 14, hakuna kusimama. Chombo cha kuzuia mwendo kiwekwe, gari isipite kilomita 80 kwa saa. Ichorwe mustari wa njano pembeni, iandikwe njia inayofanya. Shofa na konvuayeri wavae sare, na shofa alipwe kwa mwezi, asikimbize gari juu ya kutafuta versement ya siku.

Wenye gari walifikiri ni maneno ya wanasiasa. Walienda kortini, wakagoma, wakangojea waziri achoke. Tarehe 1 mwezi wa pili 2004 ilifika, na Michuki hakurudi nyuma. Polisi waliingia barabarani. Gari isiyo na mukanda haikutembea. Siku zile, watu wa Nairobi walitembea kwa miguu, watu wengi sana kwenye barabara kama siku ya kukimbia volkano. Nauli zilipanda. Watu walimutukana. Yeye alibaki pale pale. Kwenye garaji, mafundi walikuwa wanasudea usiku na mchana.

Mukanda wenyewe haukuwa akili yake. Aliyebuni ule unaopita kifuani na kiunoni ni injinia wa Uswidi, Nils Bohlin, aliyetengeneza kwanza viti vya marubani wa ndege za vita. Mwaka 1959 kampuni ya Volvo iliuweka kwenye gari, kisha ikaachia kampuni zingine zote ziutumie bila kulipa. Akili ya Bohlin ni nyepesi: mukanda ushike mifupa, yaani bega, kifua na nyonga, usishike tumbo. Matatu mingi za Kenya zilipata wa kiuno tu, usiokuwa na nguvu sawa na ule wa Bohlin. Lakini mutu alibaki ndani ya kiti yake.

Mwenye kuchimba ataelewa hii hesabu haraka. Gari inayotembea kilomita 50 kwa saa ikigonga ukuta, mwili usiofungwa unapata pigo sawa na kuanguka kwenye shimo ya metre 10. Kwa kilomita 80, ni shimo ya metre 25. Hakuna mutu anayeshuka metre 25 bila kamba. Na kamba iliyofungwa kwa mti uliooza haisaidii. Mukanda ni vile vile. Ukifungwa kwenye bati nyembamba ya chini, utang'oka na bati yake. Buloni inapaswa kupita mpaka kwenye chuma nene ya gari, na chini yake kuwe na sahani ya chuma inayogawa nguvu. Kiti ya kukaa upande-upande, mukanda hauwezi kuiokoa vizuri.

Kwa miezi ya kwanza, polisi ya Kenya ilisema vifo vya barabarani vimepungua sana. Watu waliomutukana Michuki walianza kumusifu. Hata mawaziri wengine walipotaka kuonyesha nguvu, walipimwa kwa kipimo chake.

Lakini habari haikuishia pale. Mwaka 2005 alihamishwa kwenye wizara ya usalama wa ndani. Huko alijiharibia jina: mwezi wa tatu 2006, polisi waliofunika nyuso waliingia usiku kwenye gazeti la The Standard, wakachoma magazeti na kuzima televisheni, na Michuki alitetea kitendo kile. Mkono ule ule uliofunga mukanda ulifunga pia mudomo. Wakenya wengi hawakusahau.

Na huku nyuma, barabarani, kanuni zililegea. Mikanda ilichakaa, ikawa michafu, abiria wakaogopa kuchafua nguo. Wakawa wanaivaa paka polisi anapoonekana mbele, halafu wanaifungua. Gari zilianza tena kujaza. Vifo vilirudi kupanda. Kazi iliyosimama juu ya mutu moja, mutu akiondoka, nayo inayumba.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa wizara ya mazingira, kuanzia 2008. Alianza kusafisha muto Nairobi, uliokuwa umegeuka mufereji wa uchafu. Alikufa Nairobi tarehe 21 mwezi wa pili 2012, akiwa na miaka 79. Leo kando ya muto ule kuko bustani yenye jina lake.

Tumeleta maisha ya huyu muzee si juu alikuwa mutakatifu. Hakuwa. Tumeyaleta juu wengi wetu tunapanda gari kila juma, kwenda carré na kurudi, tukiwa tumechoka, tunalala na kichwa kwenye dirisha. Shimoni tunapima mbao kabla ya kuingia, juu tunajua mlima hauna huruma. Lakini kwenye gari hatupimi kitu. Siku ingine, kabla ya kulipa nauli, shika kiti ya nyuma na uitikise. Ikicheza mkononi mwako sasa, jua itafanya nini kwa kilomita 80. Na kama kuko mukanda, hata wenye vumbi, ufunge chini kwenye mifupa ya kiuno. Mama mwenye mimba aupitishe chini ya tumbo. Michuki alitumia polisi juu Wakenya hawakutaka kuvaa wenyewe. Siye hatuhitaji kungojea waziri.