Gandhi: Mzee aliyetembea siku 24 hadi baharini kwa ajili ya chumvi

Asubuhi ya Aprili 6, 1930, mzee mwembamba wa miaka 60 aliinama ufukweni katika kijiji cha Dandi, magharibi mwa India. Akaokota bonge dogo la chumvi lililochanganyika na matope.

Ni hilo tu. Lakini kwa kuokota bonge hilo, Mohandas Gandhi alikuwa amevunja sheria ya Waingereza hadharani, na dunia nzima ikajua.

Alikuwa ametembea karibu kilomita 385 kufika hapo. Ni kama kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro na kurudi, kwa mguu.

Alivyonusurika Lamu

Gandhi alizaliwa Oktoba 2, 1869 mjini Porbandar, bandari ya Gujarat. Alisomea sheria London, akarudi nyumbani, lakini kazi ya uwakili ikamshinda. Alikuwa na aibu kiasi kwamba kusimama mbele ya hakimu kulimtoa jasho.

Mwaka 1893, akiwa na miaka 23, alipata kazi ya mkataba kwa mfanyabiashara Mgujarati huko Afrika Kusini. Meli yake ilipita pwani yetu: Lamu, Mombasa, kisha Zanzibar.

Lamu ndiko nusura safari iharibike. Meli ilitia nanga kwa saa chache, naye akashuka kuuona mji. Alikwenda posta kusalimiana na makarani wa Kihindi, akachelewa.

Aliporudi, maji yalikuwa yamejaa na mkondo ni mkali. Mashua yake ilikuwa imezidisha abiria, na kila ilipogusa ngazi ya meli ilivutwa nyuma. Honi ya kuondoka ilikuwa imeshalia.

Bahati yake, nahodha alikuwa rafiki yake wa kucheza naye sataranji. Akaamuru meli isubiri dakika tano. Rafiki mwingine akakodi mashua nyingine kwa rupia 10, na kijana Gandhi akavutwa juu kwa kamba. Wenzake waliobaki kwenye ile mashua ya kwanza waliachwa.

Miaka 21 Afrika Kusini

Wiki chache baadaye alitupwa nje ya treni mjini Pietermaritzburg, kwa sababu alikaa behewa la daraja la kwanza na hakuwa mzungu. Mkataba wa mwaka mmoja ukageuka miaka 21 ya kupigania haki za Wahindi.

Hata hivyo, sehemu hii ya maisha yake ina doa. Katika maandishi yake ya awali aliwadharau Waafrika weusi, na hasira juu ya jambo hilo haijaisha. Mwaka 2018 sanamu yake iliondolewa katika Chuo Kikuu cha Ghana.

Alirudi India mwaka 1915, akiwa na njia yake ya mapambano: kukataa kutii sheria mbaya bila kumpiga mtu, na kukubali adhabu.

Kwa nini chumvi?

Chini ya utawala wa Waingereza, Mhindi hakuruhusiwa kujitengenezea chumvi wala kuiuza. Aliyeishi kando ya bahari, chumvi ikikauka mlangoni kwake, alipaswa kununua ya serikali na kulipa kodi juu yake.

Viongozi wenzake wa chama cha Congress walishangaa. Nchi inadai uhuru, yeye anazungumzia chumvi?

Gandhi aliona walichokikosa. Chumvi inaliwa na tajiri na maskini, Mhindu na Mwislamu. Tena maskini anayelima juani ndiye anayeihitaji zaidi.

Machi 2, 1930 alimwandikia barua Lord Irwin, mwakilishi wa mfalme wa Uingereza nchini India. Humo alipiga hesabu kwamba mshahara wa Irwin ulizidi kipato cha Mhindi wa kawaida kwa zaidi ya mara 5,000. Jibu lililorudi lilikuwa fupi na baridi.

Safari yaanza

Machi 12 alfajiri, Gandhi alitoka kwenye makazi yake ya Sabarmati, karibu na mji wa Ahmedabad, akiwa na mkongojo wa mwanzi na wafuasi 78. Aliapa kutorudi kuishi hapo hadi India iwe huru.

Aliichukulia kama safari ya hija. Kila siku kulikuwa na sala, kusokota pamba na kuandika shajara. Jumatatu ilikuwa siku ya mapumziko, na yeye hakutamka neno.

Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote kwa umri, lakini vijana walihangaika kumfuata. Kila kijiji walichopita, watu walimwagia njia maji kutuliza vumbi na kutandaza majani.

Wanawake hawakuwemo kwenye kundi hilo, na wengi walilalamika. Baadaye maelfu yao waliingia kwenye harakati hizo na kufungwa jela kama wanaume.

Jambo moja lilimkera sana njiani. Usiku mmoja aliona vibarua maskini wakihimizwa watembee haraka, wamebeba karabai nzito vichwani ili msafara upate mwanga. Akasikia pia kwamba maziwa yaliletwa kwa lori kutoka mji wa Surat.

Aliwakemea wafuasi wake hadharani, akijihesabu na yeye kuwa mkosaji. Mtu aliyemlaumu Irwin kwa mshahara mkubwa, angewezaje kula jasho la maskini hao hao?

Ukingoni mwa bahari

Aprili 5 msafara ulifika Dandi. Waliotoka watu 79 sasa walikuwa maelfu. Gandhi alilala kwenye nyumba ya kiongozi wa Mabohora, jumuiya ambayo watu wa Zanzibar, Mombasa na Dar wanaijua vizuri.

Serikali nayo haikulala. Chumvi iliyokuwa imekauka ufukweni ilivurugwa na kufukiwa kwenye matope, ili asipate cha kuokota.

Asubuhi akaenda baharini, akaoga, kisha akaikuta chumvi kidogo iliyosalia. Polisi hawakumgusa siku hiyo.

Ndani ya siku chache, watu walikuwa wakichemsha maji ya bahari pwani nzima. Zaidi ya 60,000 waliishia jela. Gandhi mwenyewe alikamatwa usiku wa kuamkia Mei 5, akiwa amelala.

Mei 21, wafuasi wake walikiendea kiwanda cha chumvi cha Dharasana bila silaha. Polisi waliwapiga kwa marungu, safu baada ya safu, na hawakuinua mkono hata kujikinga. Ripoti ya mwandishi Mmarekani Webb Miller ilisomwa dunia nzima.

Alipata nini?

Ukitazama karatasi tu, alipata kidogo. Makubaliano yake na Irwin ya Machi 5, 1931 yaliruhusu watu wa pwani kutengeneza chumvi ya matumizi yao. Kodi yenyewe iliendelea hadi 1947.

Kilichobadilika ni watu. Mkulima aliyekuwa akimuogopa polisi alikuwa ameshavunja sheria mchana kweupe, amefungwa, na ametoka akiwa mzima.

Uhuru ulikuja Agosti 15, 1947, lakini nchi ikagawanyika na damu ikamwagika. Januari 30, 1948, Gandhi alipigwa risasi mjini Delhi na Mhindu mwenye msimamo mkali aliyemwona anawapendelea Waislamu.

Sabarmati hakurudi tena kuishi. Kiapo alichokula alfajiri ile ya Machi 1930 kilimtoa nyumbani moja kwa moja.

Sehemu ya majivu yake ililetwa Afrika Mashariki na kumwagwa Jinja, Uganda, pale mto Nile unapotoka Ziwa Victoria. Mtu aliyevutwa kwa kamba kutoka maji ya Lamu akarudi tena kwenye maji ya Afrika Mashariki.